Mhudumu wa Barabara Iliyo Chini ya Ziwa

Mdogo wangu wa kiume amevuka ziwa letu kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na moja, kwenda na kurudi, kofia kichwani, na muda wote huo hakuwa anajua kuogelea. Ninaandika haya kwa sababu watu wa mjini wameshaanza kuyasimulia kwa namna zao, na kila anayesimulia anaongeza chumvi. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni akiwa mchanga, mimi ndiye niliyemwandikia taarifa zake zote za kazi, na kumbukumbu yangu haijawahi kunitupa. Kwa hiyo nisikilizwe mimi.

Watu humwita Kilomita. Jina hilo alilipata kabla ya ziwa, bonde lilipokuwa bonde. Katikati ya bonde ilipita barabara ya changarawe, imeinuliwa juu ya tuta refu kwa sababu pande zote mbili palikuwa na tope la kumeza ng'ombe. Kutoka kwenye mashine ya kusaga hadi shuleni ni kilomita moja na robo, na kipande hicho ofisi ya barabara ilimkabidhi yeye akiwa na miaka ishirini na miwili. Walimpa reki, jembe, toroli na kofia ya kijani yenye nembo. Alikuwa mrefu wa kuinama kila mlango. Shule aliiacha darasa la pili, si kwa ujinga. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati, na mwalimu alilalamika kwamba anawaziba wenzake ubao. Basi taarifa ya kila mwezi nikawa naiandika mimi. Nilimaliza darasa la saba, lile la zamani, ambalo ukilimaliza unaandika barua mpaka anayeisoma analia.

Walipoziba mto kule chini ili bonde liwe ziwa, ofisi ya maji haikuiambia ofisi ya barabara. Maji yalipanda polepole, na mwezi wa tatu yakaifunika barabara yote. Nikaandika ukweli mtupu: "Barabara imefunikwa na maji kutoka mwanzo hadi mwisho. Tunaomba maelekezo." Majibu yalirudi na muhuri: "Subirini yakauke. Mhudumu aendelee na kazi kama kawaida."

Mdogo wangu alitaka nimsomee mara tatu. Kisha akakunja suruali hadi magotini, akashika reki, akaingia. Wiki iliyofuata akaikunjua, maana kuikunja hakukuwa na faida tena.

Maji yalipomfika kifuani yalisimama, na hapo ndipo yalipo mpaka leo. Kushoto na kulia kwa tuta kina chake ni cha watu watatu waliosimamiana mabegani, lakini juu ya barabara mtu mrefu anapita na kichwa chake kikavu. Kilomita akaendelea kuihudumia. Magugu ya maji aliyang'oa kwa reki. Mawe aliyasukuma kwa vidole vya miguu. Mashimo aliyaziba kwa viroba vya kokoto, huku akihesabu hatua ili asipotee. Ukingo wa barabara aliujua kwa nyayo kama wewe unavyoujua ukingo wa kitanda chako. Toroli alilirudisha ofisini. Na mimi kila mwezi niliandika kwamba barabara ni safi na maji bado yapo. Wakubwa wa ofisi walikuja na kuondoka, kila mmoja akasoma kwamba kuna barabara ina maji, akaona si jambo la kumnyima usingizi, akagonga muhuri.

Wifi yangu, mkewe, hakupendezwa hata kidogo. Kila siku sare moja ilikuwa mwilini na nyingine kwenye kamba, na alikuwa akisema kwamba aliolewa na mtu mkavu, sasa anazeeka na mtu wa kukamua. Siku moja alimwambia mbele yangu kwamba chura wenyewe huwa wanatoka wakapumzika. Kilomita akamjibu kwa upole kwamba chura hawana mwajiri.

Miaka mitatu iliyopita ikaja klabu ya kuogelea kutoka mjini. Walikuja kila Jumamosi, watu wazima wenye kazi zao nzuri, wakiwa na kofia za mpira, miwani ya maji, mitumbwi ya plastiki ya rangi rangi, mbao za kusimama juu yake ukapiga kasia, na mashua za kukanyaga kama baiskeli zenye umbo la bata. Kiongozi wao alikuwa Kocha, mtu wa kifua kipana na filimbi shingoni, ambaye hata akikuuliza habari za asubuhi unaona kama amekupanga mstarini.

Jumamosi ya kwanza Kocha alikuwa anapuliza boya ufukweni alipomwona mtu anavuka ziwa, kofia kichwani, akipiga mluzi. Boya likamponyoka likaisha pumzi. Hakuona mkono ukipigwa. Hakuona povu. Yule mtu alifika katikati, akasimama, akajikuna mgongo kwa mpini wa reki, akaendelea. Kocha alimsubiri mpaka aliporudi saa sita, akamuuliza kwa heshima zote ni mtindo gani ule.

"Natembea tu," akasema Kilomita.

Kocha akawageukia wanafunzi wake na kuwaambia wasikie wenyewe, bingwa wa kweli haoni kama anafanya kazi. Mdogo wangu akarudia kwamba anatembea. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyomwona mnyenyekevu. Mwishowe akawaacha, maana alikuwa na magugu ya kung'oa.

Basi klabu nzima ikaanza kujifunza mtindo wa Kilomita. Watu ishirini na tisa, miongoni mwao meneja wa benki na daktari wa meno, walivaa kofia za kawaida, wakajisimamisha wima kwenye kina kirefu, mikono ikishika vijiti badala ya reki, wakajaribu kupiga mluzi. Walizama wima hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine. Zikabaki kofia juu ya maji. Kocha alipita na ubao wake akiwavuta kwa nywele, akiwahimiza walegeze mabega. Wakapandishwa, wakatapika maji, wakarudia. Hilo liliendelea kwa miaka mitatu.

Kisha ikaja barua. Nilimsomea mdogo wangu jikoni kwake, mkewe akikausha vyombo. Ofisi ya barabara ilikuwa inapitia orodha yake upya. Barabara zote ndogo zitakaguliwa, mkaguzi atatembea kila barabara kwa miguu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na isiyopitika itafutwa kwenye orodha na kazi ya mhudumu wake itakoma siku hiyohiyo. Yetu ilipangiwa Jumamosi ya wiki ya tatu.

Wifi, aliyelaani kazi ile miaka yote, aliweka sahani chini kabla haijakauka.

Shida ilikuwa kalvati. Katikati ya barabara kuna kalvati, kidaraja cha kupitisha maji chini ya barabara, na mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeling'oa bamba lake la zege. Pakabaki pengo ambalo yeye, kwa miguu yake ile, alilivuka kwa hatua moja. Mkaguzi mwenye miguu ya kawaida angetumbukia. Na kuliziba pengo kunahitaji mtu wa kuzama, wakati kichwa cha Kilomita hakijawahi kuingia majini tangu nilipoacha kumwogesha.

"Dada, wakiifuta," akaniuliza, "mimi nitakuwa nani?"

Nilimwambia atakuwa mtu wa kwenda kwa Kocha na kumweleza ukweli mpaka auamini. Aliona aibu. Nikamwambia aibu haizibi kalvati.

Jumamosi iliyofuata alimwomba Kocha wavuke pamoja. Mimi na wifi tulikodi bata mmoja tukawafuata nyuma tukikanyaga, kwa sababu ninamjua mdogo wangu. Ukimwacha peke yake na jambo gumu atarudi nalo nyumbani. Kocha aliogelea kando yake, akimsifu kila alipoinua uso kuvuta pumzi. Walipofika katikati Kilomita akasimama.

"Shusha miguu, Kocha."

Kocha akasema mwogeleaji hashushi miguu mahali asipoona chini. Kilomita akamwambia tena ashushe. Akaishusha kwa woga, kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto. Akasimama. Maji yalimfika kidevuni. Filimbi yake ilielea mbele ya pua. Alitazama ufukwe wa mbele, akatazama wa nyuma, akatutazama sisi ndani ya bata.

Kisha akauliza, "Hapa pana lami?"

"Changarawe," Kilomita akamjibu. "Lami waliahidi."

Kocha alikasirika sana. Alisema amewazamisha watu wa heshima zao miaka mitatu kwa ajili ya mtu anayetembea. Mdogo wangu akamkumbusha kwamba alimwambia siku ya kwanza. Wifi akaongeza kutoka kwenye bata kwamba hata yeye angeweza kumwambia, ila hakuna aliyemuuliza mwanamke mwenye nguo za kuanika. Kocha alipotulia akapima hali yake. Jumamosi ile ya ukaguzi ndiyo siku aliyoitangaza ya mashindano ya kuvuka ziwa, na habari hii ikivuja kabla yake atachekwa mji mzima. Wakapatana: Kocha ataliziba pengo, na Kilomita hatasema kitu mpaka mashindano yaishe.

Tulipata bamba la zege lililokuwa kizingiti cha zamani cha mashine ya kusaga. Tuliwafunga bata wawili pamoja, tukaliweka katikati, tukakanyaga mpaka kwenye kalvati, bata wakiwa wamezama hadi shingoni. Kocha alizama na msaidizi mmoja tu aliyeapishwa kunyamaza, daktari wa meno. Huyo ndiye aliyelikalisha bamba vizuri. Alisema mapengo ni kazi yake ya kila siku.

Jumamosi ikafika. Injinia wa ofisi ya barabara aliletwa na gari mpaka kwenye mashine ya kusaga. Alikuwa binti mfupi mwenye mabuti, helmeti ya njano na faili kifuani. Alitazama ziwa, akatazama karatasi yake, akatazama ziwa tena, kisha akauliza barabara iko wapi.

"Umeshafika," Kilomita akamwambia, amevaa sare iliyopigwa pasi. "Hatua nne mbele."

Binti akauliza tangu lini. Nilimtajia mwaka, mwezi na siku, na nikampa nakala za taarifa zote, maana huwa naandika mbili mbili. Alizisoma amekaa juu ya gunia la pumba. Nilidhani atacheka, au atapiga simu. Aliinuka, akafunga kamba za mabuti, akasema, "Mama, kanuni inasema nitatembea. Haisemi chochote kuhusu maji." Hapo nikajua tumepata mtu wa aina ya mdogo wangu.

Lakini maji yalimpita pua kwa vidole viwili. Kilomita akajitolea kumbeba mabegani. Akakataa, akasema hapo mkaguzi atakuwa si yeye. Wakamvika jaketi la kuokolea watu. Likamwinua miguu ikaning'inia, naye akasema hawezi kutia sahihi barabara asiyoikanyaga. Ndipo Kocha akaleta bomba la kupumulia, tukamjazia mfuko wa mgongoni mawe, akaingia. Helmeti hakuivua. Kazini helmeti haivuliwi.

Msafara ulikuwa hivi: mbele Kilomita na reki yake, nyuma yake bomba na kipande cha helmeti ya njano, na nyuma yao mimi na wifi ndani ya bata, mimi nikiwa nimeshika fomu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kila baada ya hatua hamsini Injinia alitoa mkono majini. Kidole gumba juu, nzuri. Kiganja bapa, wastani. Kidole chini, mbaya. Niliweka alama. Kidole kilikuwa juu tu.

Kwenye kalvati helmeti ilisimama. Kisha ikazama kabisa, na bomba nalo. Wifi aliacha kukanyaga. Niliona shingo ya mdogo wangu imekakamaa kama mti. Hakugeuka. Alikuwa akitazama mbele na kusubiri, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Helmeti ikaibuka, bomba likapiga chafya, mkono ukatoka. Gumba juu. Wifi akaanza kukanyaga tena kwa kasi hata tukamgonga mumewe mgongoni.

Upande wa shuleni mashindano yalikuwa yameanza. Kocha alikuwa amepanga njia mbali na barabara, kushoto kabisa, na kuwaambia waogeleaji wageukie kwenye boya la njano. Sasa yakawa maboya mawili ya njano ziwani, na moja lilikuwa linatembea. Meneja wa benki, aliyekuwa anaongoza, akalifuata la karibu. Wengine wakamfuata yeye. Kocha alipuliza filimbi mpaka akakosa pumzi.

Meneja alimfikia Injinia, akajipinda kumzunguka, na teke lake likapiga kokoto. Akagusa tena. Akasimama, maji kidevuni, miwani imejaa ukungu.

"Jamani," akawaambia wenzake, "pana chini."

Wakasimama wote, wawili wawili, watatu watatu, mpaka wakawa watu ishirini na tisa wamesimama katikati ya ziwa wakimtazama Kilomita. Daktari wa meno alijitia kushangaa kuliko wote. Miaka mitatu ya kutapika maji ilipita kwenye nyuso zao, na wengine walianza kufungua vinywa. Mdogo wangu hakuwapa nafasi. Aliwaambia wanaziba njia, na kwamba barabarani watu hutembea upande wa kulia.

Wakashika kulia. Walimaliza mashindano yao wakitembea kwa mstari, na mshindi alikuwa aliyekuwa na hatua ndefu.

Shuleni, Injinia alimwaga maji kutoka kwenye mabuti, akaomba fomu. Kipengele cha mwisho kiliuliza idadi ya waenda kwa miguu walioonekana wakati wa ukaguzi. Nilikuwa nimeshaandika ishirini na tisa. Alituambia wiki ile amekagua barabara sita za nchi kavu, na yenye watu wengi ilikuwa na mbuzi wawili na mwenye mbuzi. Akatia sahihi kwamba yetu inapitika na haifutwi.

Wifi alinishika mkono akaubana. Lakini binti alikuwa hajamaliza. Alifungua kitabu cha kanuni, akatusomea kwamba mhudumu anayefanya kazi kwenye maji yanayopita magoti lazima athibitishwe kuwa anajua kuogelea, mita ishirini na tano, mbele ya afisa. Akampa miezi mitatu. Akishindwa, barabara itabaki na atapewa mtu mwingine.

Kilomita alisema hataki. Alisema mhudumu wa barabara haondoi miguu barabarani, na akiiondoa basi hahudumii kitu, anaelea tu. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akibishana na ofisi. Nilimwacha aseme yote, kisha nikamuuliza anataka kumkabidhi nani kalvati lake. Jumatatu jioni baada ya kazi alikuwa kwa Kocha.

Kocha alimfundisha bure, na sidhani ilikuwa huruma tupu. Jumamosi wale ishirini na tisa walijipanga ufukweni na viti vyao, wakimshauri alegeze mabega. Wiki mbili za kwanza alikataa kutia uso majini. Ya tatu alijifunza kulala juu ya maji, kwa sababu mkewe alimwambia kama ni kulowa ameshalowa miaka thelathini na moja, hivyo hana hasara akilowa amelala. Mwezi wa pili alipiga mita nane. Alikuwa anaogelea kama ngazi iliyodondoka mtoni, kila kipande na safari yake.

Siku ya jaribio Injinia alikuja mapema, saa moja na nusu, maana saa mbili kamili Kilomita huingia kazini. Walipima mita ishirini na tano kati ya kamba mbili pembeni ya tuta, kwenye kina, ili asiweze kusimama hata akitaka. Kilomita alimpa mkewe kofia, akaniangalia mara moja, akaingia.

Mita kumi alikwenda. Ya kumi na tano alikwenda. Kisha akasimamisha mikono, na niliona miguu yake inashuka kuitafuta barabara mahali ambapo hapakuwa na barabara. Uso wake ukawa ule niliokuwa nikiuosha kwenye beseni. Kocha aliinua mguu kutaka kurukia majini. Kanuni ilikuwa wazi: akiguswa, ameshindwa. Nilimshika Kocha mkono nikamzuia.

Wifi ndiye aliyesema, tena bila kupaza sauti sana, "Baba, saa mbili imepita. Umechelewa kazini."

Mdogo wangu aligeuza kichwa kuelekea mashine ya kusaga, akaona mlango wake umefunguliwa na watu wa zamu ya saa mbili wanaingia. Akapiga teke. Akapiga jingine. Mikono, miguu, magoti, kila kitu kilifanya kazi yake bila kushauriana na kingine, na maji yalituruka mpaka sisi wa ufukweni. Alipogusa kamba ya mwisho Injinia alikuwa ameshafungua kalamu.

Wale ishirini na tisa walipiga makofi wamesimama. Kocha alipuliza filimbi na kujifuta macho, akisingizia maji. Kilomita alitoka, akapokea cheti kwa mikono miwili, akanipa mimi nikishike kisilowe. Hakucheka na mtu. Alichukua kofia kwa mkewe, akaokota reki, akaingia barabarani. Alikuwa amechelewa dakika arobaini, na kwa jinsi kuchelewa huko kulivyomuudhi, siku ile hakusemeshwa mpaka jioni.